Kukopa Arusi, Kulipa Matanga
Maneno ya deni katika Kiswahili, na desturi za ndoa

Hapana mwalimu asiyeijua mithali hii, na wengi wetu tumeiandika ubaoni ili wanafunzi waitolee maana. Mwanafunzi hujibu upesi: kukopa ni furaha kama arusi, kulipa ni huzuni kama matanga. Jibu ni sahihi, nasi humpa alama zake. Lakini katika miaka hii twaona jambo ambalo mithali yenyewe haikulitaja: arusi yenyewe ndiyo inayokopewa. Vijana huja kuandikisha ndoa, na kila mmoja ana madeni yake ambayo hajamwambia mwenzake. Wengine huahirisha ndoa mwaka hata mwaka kwa sababu ya deni wanaloona haya kulitaja. Wengine huoana, na deni hutokea mwezi wa tatu, mdai apigapo hodi mume akiwa hayupo.

Kwa hiyo twataka kuyachungua maneno ya deni katika Kiswahili, kisha tuone jinsi deni lilivyokaa katika desturi za ndoa, na mwisho tuseme kwa vipi vijana wawili waweza kulipa walichokopa ili wajenge nyumba yao. Tutaona kwamba lugha na desturi zetu hazikulihesabu deni lenyewe kuwa fedheha. Fedheha ilikuwa kulificha.

I. Maneno yenyewe

Tuanze na kuazima. Mtu huazima jembe, sufuria au mtumbwi, naye hurudisha kitu kilekile alichokichukua. Kukopa ni jambo jingine: mtu hukopa unga au fedha, naye hurudisha mfano wake, maana unga ule umekwisha kuliwa. Siku hizi watu husema, “Niazime shilingi elfu kumi,” wala hatuwagombezi. Lakini tofauti ile ya kale ina mafundisho. Kitu cha kuazima bado ni cha mwenyewe, nawe wakiona kila siku kimesimama pembeni mwa nyumba. Kitu cha kukopa hugeuka kuwa chako, ukakitumia, kikatoweka machoni. Kinachobaki ni neno tu kati yako na mwenzako. Ndiyo sababu fedha za kukopa husahaulika upesi kuliko jembe la kuazima.

Kamusi za zamani zina ushahidi mwingine. Ndani yake kukopa lina maana mbili: kuchukua kwa ahadi ya kulipa, na kudanganya. Kadhalika mkopi ni mwenye kukopa, tena ni laghai. Wazee hawakutaka kusema kwamba kila akopaye ni mwongo. Walijua tu kwamba njia itokayo maana ya kwanza kwenda ya pili ni fupi. Leo mtu asema, “Nitalipa mwisho wa mwezi”. Mwezi wapita, naye aanza kukwepa njia ipitayo mbele ya duka. Mwezi wa pili amtuma mtoto aseme baba hayupo. Hakukusudia ulaghai, lakini amefika kwake kwa miguu yake mwenyewe.

Kitenzi cha Kibantu, ambacho vijana wengi hawakijui tena, ni kuwia, yaani kuwa na haki ya kumdai mtu. Aniwiaye ni mwia wangu, nami niwiwaye ni mwiwa wake. Mapadre watakikumbuka, kwa maana Biblia ya Kiswahili cha Muungano, iliyotoka mwaka 1952, imekihifadhi katika Sala ya Bwana kama ilivyoandikwa na Luka, sura ya 11. Mathayo, sura ya 6, ana neno deni. Wanafunzi wasikichanganye na “niwie radhi”, ambalo latokana na kuwa. Uzuri wa kitenzi hiki ni kwamba huwashika watu wawili kwa pamoja: hapana awiaye pasipo awiwaye. Katika lugha hii halipo deni la mtu mmoja peke yake.

Maneno mengine yametoka Kiarabu. Deni huandikwa huko kwa herufi zilezile tatu za dini, na wataalamu wa lugha ile huyaweka chini ya mzizi mmoja. Kudai latokana na mzizi mwingine wenye maana ya kuita; basi mdai ni mtu aitaye, na usipoitika huita tena. Karadha ni mkopo wa fedha usio na nyongeza, apewao mtu kwa wema. Nyongeza ikidaiwa, hiyo ndiyo riba. Rehani ni kitu kiwekwacho kwa mdai hata deni lilipwe, na kukitoa humo huitwa kukomboa. Hatuna haja ya kuwaambia wasomaji wetu ni jina gani kuu lililotoka katika kitenzi hicho. Lakini yafaa wanafunzi wajue kwamba zamani hata mtu aliweza kuwekwa rehani: wakati wa njaa au deni kubwa, mtoto au ndugu alikaa kwa mdai, na asipokombolewa alihesabiwa mtumwa. Hali ya utumwa ilikomeshwa Tanganyika kwa sheria ya mwaka 1922. Basi watu wa kale waliposema “kukomboa”, walijua uzito wake.

Tumalizie na maneno mawili yasemwayo barazani kwa kadhi na mahakamani: kukiri deni na kukana deni. Akiriye hajalipa hata senti moja, lakini amekwisha kubadili hali yake, maana sasa watu waweza kukaa na kuhesabu. Akanaye hawezi kusaidiwa. Maneno haya mawili tutayarudia.

II. Deni katika desturi za ndoa

Msomaji mgeni aweza kudhani kwamba wazee walitaka bwana arusi aingie ndoani bila deni lo lote. Sivyo. Katika desturi nyingi ndoa yenyewe ni deni, nalo hujulikana na watu wote.

Pwani, mahari kwa sheria ya Kiislamu ni haki ya mke mwenyewe. Kilemba cha baba na mkaja wa mama ni zawadi za wazazi, lakini mahari ni yake yeye. Yaweza kutolewa yote siku ya ndoa, au sehemu yake ikaachwa nyuma; na iliyoachwa ni deni juu ya mume. Akifa kabla ya kulilipa, hutolewa katika mali yake kabla warithi hawajagawana. Basi waweza kumkuta mume na mke waliokaa pamoja miaka thelathini kwa mapenzi, naye mume ni mwiwa wa mkewe muda wote huo, wala hapana aonaye haya, kwa kuwa deni lilitajwa mbele ya mashahidi.

Bara, katika makabila ya wafugaji, mahari ni mifugo, nayo huunganisha nyumba nyingi. Kwa Wakuria, ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya dada ndio mara nyingi wampatiao kaka yake mke. Kwa hiyo kaka hujua maisha yake yote ni dada yupi aliyemjengea nyumba. Mahali pengi mifugo au fedha hazitolewi zote kwa mara moja, na wazee husema kwamba mahari haiishi. Mgeni husikia neno hili akadhani ni tamaa. Tamaa ipo kwa wengine, hatukatai. Lakini maana ya asili ni kwamba deni dogo linalobaki huwapa wakwe sababu ya kuendelea kutembeleana.

Kusini, kwa Wayao na Wamakua, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mali itolewayo ni kidogo. Lakini mume kwa desturi huenda kukaa kwao mke na kuwalimia wakwe. Waalimu wafundishapo habari za Yakobo, aliyemtumikia Labani miaka 7 kwa ajili ya Raheli na kisha miaka 7 mingine, wanafunzi wa huko hawahitaji maelezo marefu. Ila jambo moja katika habari ile yafaa kuonyeshwa: Yakobo alijua ni miaka mingapi. Kazi ilikuwa nzito, lakini ilikuwa na hesabu. Ugomvi uliingia pale Labani alipomficha neno.

Tena posa yenyewe ilikuwa na mahali pa kuulizia. Kijana hakujipeleka, alimtuma mshenga, na wazee wa binti walipata nafasi ya kupeleleza ukoo, maradhi, tabia na bidii ya kazi. Deni halikuweza kujificha humo, maana deni la kijana lilikuwa deni la baba zake na wajomba zake; wao ndio wangelilipa, kwa hiyo walilijua.

Kadhalika kuna desturi za kusaidiana kwa zamu. Kula kikoa ni kula pamoja, leo kwa huyu kesho kwa yule. Kucheza upatu ni kuchanga fedha kila wiki au kila mwezi, na kila mmoja hupokea fungu lote kwa zamu yake. Neno lilelile ni jina la sahani ya shaba ipigwayo ngomani. Michango ya arusi ya siku hizi, pamoja na kamati zake na kadi zake, ni mjukuu wa desturi hizo. Aliyechangiwa hudaiwa: jirani aliyekupa shilingi 50,000 hakuandika hati, lakini mwanawe akioa, wewe wajua lipi likupasalo.

Tukiyatazama haya yote kwa pamoja twaona kanuni moja. Deni linalojulikana huwafunga watu kama kamba ifungavyo nguzo na paa. Lililofichwa ni mchwa katika nguzo ileile: nyumba yaonekana nzima mpaka siku iangukapo.

III. Madeni ya siku hizi

Mabadiliko makubwa ni kwamba deni limetoka barazani likaingia mfukoni. Kijana wa leo hukopa peke yake, kwa simu, usiku, wala hapana mjomba ajuaye. Tuyataje madeni yenyewe, kwa kuwa si ya namna moja, na ahukumuye yote kwa neno moja hukosea.

Kwanza ni mkopo wa masomo. Tanzania, waalimu wengi vijana wamesomeshwa kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Hukatwa katika mshahara: hapo kwanza 8 kwa mia, na tangu mabadiliko ya mwaka 2016, 15 kwa mia ya mshahara wa msingi. Tozo ya 6 kwa mia kwa mwaka, iliyokuwa ikiongezwa ili kulinda thamani ya mkopo, iliondolewa mwaka 2021. Hili ni deni lisilo na aibu, na lina mwisho wake. Lakini mchumba asipoambiwa, huuona mshahara kuwa mkubwa kuliko ulivyo, akapanga nyumba juu ya fedha zisizokuja.

Pili ni mikopo ya vyama vya akiba na mikopo, na ya vikundi vya akina mama na majirani viitwavyo vikoba. Humo mkopaji hujulikana, na wenzake humdhamini. Wengi waliojenga nyumba zao walijenga kwa njia hii. Tukumbuke pia kwamba binti naye hukopa. Si haki kumwuliza kijana peke yake.

Tatu ni karadha ya rafiki na daftari la dukani. Nne ni mikopo ya haraka, ile ambayo watu wa mitaani Tanzania wameipa jina la “kausha damu”. Wapenzi wa lugha na walitazame jina hili. Hakuna chuo kilicholibuni; limetoka katika vinywa vya waliokopa, nalo laeleza jambo zima: mwili waonekana upo, lakini kilichomo ndani chanyonywa kidogo kidogo.

IV. Jinsi ya kulipa

“Dawa ya deni ni kulipa,” wasema watu, na ni kweli. Lakini dawa ina kipimo na utaratibu. Tuchukue mfano wa hesabu ambao mwalimu aweza kuufanya ubaoni.

Tuseme kijana anadaiwa shilingi 1,000,000: 300,000 na mkopeshaji wa haraka, kwa nyongeza ya 20 kwa mia kila mwezi, 600,000 na chama cha akiba na mikopo, kwa nyongeza ya moja na nusu kwa mia kila mwezi, na 100,000 na rafiki, bila nyongeza. Naye aweza kutenga 120,000 kila mwezi.

Akitaka kuwa mwenye haki kwa wote, atagawa sawasawa, 40,000 kwa kila mdai. Yaonekana ni adabu njema, kumbe ni hasara. Nyongeza ya mkopeshaji peke yake mwezi wa kwanza ni 60,000. Akimpa 40,000, deni la 300,000 huwa 320,000. Akiendelea kumpa 40,000 tu, mwezi wa kumi na moja deni lile limepita 940,000. Amelipa kila mwezi bila kukosa, naye amezama zaidi.

Sasa afanye hivi. Aende kwa rafiki yake, amwambie kwa kinywa chake: “Ndugu yangu, deni lako sijalisahau, nipe miezi minne, ndipo nianze kukulipa.” Chama akipe 9,000, ambayo ni nyongeza ya mwezi tu. Zilizobaki, 111,000, zote zimwendee mkopeshaji. Mwezi wa tano deni la mkopeshaji limekwisha, na mwezi huohuo rafiki aanza kupokea. Mwezi wa sita rafiki amemaliziwa. Na mwezi wa kumi na moja chama nacho kimelipwa. Fedha ni zilezile 120,000 kwa mwezi. Kilichobadilika ni utaratibu, pamoja na lile neno aliloambiwa rafiki. Asiposema naye, utaratibu huu hauwezekani, maana ahadi ni deni, na ahadi ya kwanza aliyopewa rafiki yaweza kubadilishwa kwa ahadi ya pili tu, wala si kwa kunyamaza.

Lakini kazi haijaisha. Mwezi wa kumi na mbili zile 120,000 zisirudi mfukoni. Kijana amekwisha kuzoea kuishi bila hizo. Aziweke kwa ajili ya nyumba yake. Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba hakijai ikiwa chini kina tundu. Alilokuwa akifanya miezi kumi na mmoja ni kuziba tundu.

Huenda mtu akauliza, Je, wasubiri miezi yote hiyo ndipo waoane? Hatuweki kanuni. Wengine yafaa wangoje. Wengine yafaa waoane kwa karamu ndogo na kulipa pamoja, maana chumba kimoja hugharimu pungufu kuliko vyumba viwili. Ndoa haiharibiki kwa kukosa mapambo. Hata mahari isiyotimizwa haibatilishi ndoa kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, ingawa heshima ya wakwe ni jambo la kuangaliwa kwa upole. Sheria ileile yasema kwamba ndoa peke yake haibadili umiliki wa mali aliyokuwa nayo mume au mke, na kwamba nyumba ya ndoa isiuzwe wala kuwekwa rehani pasipo ridhaa ya mwenzake. Basi mchumba asiogope kwamba kwa kusikia deni amelitwaa shingoni. Kusikia ni jambo moja na kudhamini ni jambo jingine; ila asitie sahihi yake mahali asipopaelewa.

V. Neno kwa waalimu na mapadre

Wachumba hufika kwetu kwa mafundisho ya ndoa, nasi huwauliza mambo mengi: majina, ubatizo, ukoo, kama kuna kizuizi. Mshenga wa zamani aliuliza pia habari za mali, na siku hizi mara nyingi hapana mshenga. Tusipouliza sisi, huenda hapana atakayeuliza. Twapendekeza maswali matatu, aulizwe kila mmoja peke yake kwanza, kisha wote wawili pamoja: Nani anakudai, na kiasi gani? Nani ajuaye habari hiyo? Umekusudia kulipa kwa utaratibu gani? Anayeuliza asiandike majibu katika daftari la kanisa wala asiyapeleke kwa wazee. Kazi yake ni kufungua mlango, kisha awaachie wenyewe waongee.

Swali la pili ndilo zito. Tumekwisha kuona kijana akitaja hesabu yake kwa sauti imara, kisha akanyamaza alipoulizwa kama mchumba wake anajua. Ukimya ule ulikuwa mzito kuliko hesabu. Akimwambia, huenda binti akalia, huenda akaomba muda wa kufikiri, na hiyo ni haki yake. Huenda hata akaondoka. Na ikiwa hivyo, ni afadhali aondoke sasa kuliko mwezi wa tatu wa ndoa. Lakini mara nyingi naye hufungua mkoba wake, akatoa kikaratasi chenye madeni yake mwenyewe, nao wakaanza kujumlisha. Hapo ndipo kitenzi kile cha kale kipatapo maana: awiaye na awiwaye wamekaa pamoja, nao wamekiri.

Basi mwanafunzi ajapo tena kutoa maana ya mithali yetu, tumpe alama zake, kisha tumwongeze neno moja. Katika matanga watu hawalii peke yao. Majirani huja, hukaa chini pamoja na wafiwa, hupika na kuchota maji, hata siku za huzuni zikatimia. Kulipa ni matanga, ni kweli. Lakini matanga nayo yana mwisho, nayo huwa mepesi kwa aliye na mtu wa kukaa naye mkekani.

Wasomaji wenye mithali za deni na ndoa katika lugha za makwao, au maneno yatofautishayo kuazima na kukopa, twaomba watuletee, pamoja na maelezo ya desturi zinazohusika.